Kwa Nini Watu wa Ziwani Huamka Kungali Giza

Kabla ya redio, kabla ya saa ya mkononi, kabla watu hawajajua hata kuchelewa ni nini, kila nchi ilikuwa na asubuhi yake. Mwenyezi Mungu alikuwa ameweka jua moja tu, akaona linatosha. Wanadamu hawakuona hivyo. Walilikatakata kama mkate, kila mfalme akachukua kipande chake akasema hiki ndicho chenye ladha.

Mambo yalikuwa hivi. Kila nchi ilikuwa na jogoo mmoja aliyeitwa Jogoo wa Saa. Alijengewa banda juu ya kilima, akalishwa ulezi uliopepetwa, akawekewa mtunzaji wake. Alipowika alfajiri, siku ya nchi ile ilikuwa imeanza kisheria. Kabla hajawika hakuna aliyeruhusiwa kukama ng'ombe, kuwasha moto wala kugombana na mwenzi wake wa ndoa. Akishawika, watu walianza kuhesabu: saa moja, saa mbili, saa tatu, mpaka jua linazama.

Nchi ya Pwani hufikiwa na jua mapema, kwa hiyo jogoo wao aliwika mapema. Nchi ya Mlima ilifuata nyuma kidogo. Nchi ya Ziwa, iliyoko machweoni kabisa, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mtu wa Pwani alipokuwa amekula cha mchana na kulalia ubavu, mtu wa Ziwani alikuwa bado anatafuta jembe lake.

Kama kila mtu angekaa kwao, isingekuwa neno. Lakini watu hawakai. Wanaoana, wanazikana, wanauziana. Wa Ziwani walipokwenda kuzika Mlimani waliambiwa maziko ni saa sita, wakafika saa sita yao, wakakuta kaburi limefunikwa na wenyeji wanakula maharage. Ikabidi walie peke yao, na wenyeji wakiwaangalia huku wanatafuna. Mwizi mmoja aliiba mbuzi Mlimani saa tatu, akavuka mto, akajikuta Ziwani ni saa mbili na robo. Alipokamatwa akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, saa mbili na nusu watu wote waliniona niko na mbuzi huyu Ziwani. Sasa saa tatu ningeendaje kumwiba Mlimani, nami ninaye tayari?" Hakimu alifikiri siku mbili, kichwa kikamuuma, akamwachia.

Wafalme walijua shida hizi, ila hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Walisema kuamka kwa jogoo wa jirani ni sawa na kuvaa nguo ya jirani, tena ile ambayo hajaifua.

Sasa, mtunzaji wa Jogoo wa Saa katika nchi ya Ziwa alikuwa Mzee Bwire. Alikuwa mtu mcha Mungu, mpole, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha majirani: alipenda kukiri makosa. Akimkuta mtu njiani, kabla ya habari za asubuhi, atamwambia, "Ndugu yangu, jana nilikuonea wivu kwa ajili ya ile ndizi yako. Nisamehe." Mtu anasamehe, anakwenda zake, hata hakumbuki ndizi gani. Akila samaki na mkewe atasema, "Mama Nyachiro, nimechukua upande wenye nyama." Na Nyafuru, mkewe, atajibu, "Nimeona. Kula."

Nyachiro ndiye binti yao, na alikuwa amechumbiwa. Posa ilikuwa imepokelewa, kilichobaki ni wakwe kuja kutaja siku. Walitegemewa baada ya mavuno. Lakini wakwe ni kama mvua ya vuli, haisomi barua. Siku moja adhuhuri, Bwire akiwa anapepeta ulezi wa jogoo, aliwaona watu sita wanapanda kilima, mbele yao Mzee Masatu, baba mkubwa wa bwana harusi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na tumbo lake lilimtangulia nyumbani kwa watu likapiga hodi.

Kila mtu wa nchi ile anajua desturi. Mkwe akija kutaja siku hachinjiwi kuku jike. Jike ni wa mgonjwa na mzazi. Mkwe huchinjiwa jogoo, na akila jike ataondoka bila kusema neno, na siku haitatajwa mwaka huo wala mwaka ujao. Bwire alikuwa na jogoo wake mwenyewe, mweupe, aliyekuwa amemweka kwa kazi hiyo. Jogoo yule alikuwa amekufa kwa kideri siku nne zilizopita, na kideri kilikuwa kimefagia mabanda yote ya kijiji. Hata unyoya wa kuazima haukuwapo.

Bwire aliingia jikoni.

"Mama Nyachiro, tufanyeje?"

"Kilimani hapa kuna jogoo mmoja tu aliye hai," alisema Nyafuru, bila kuinua macho kwenye chungu.

"Huyo ni wa mfalme."

"Nami nimesema kuna jogoo mmoja. Sikusema ni wa nani."

"Sheria unaijua."

Sheria aliijua, kila mtu aliijua, ilikuwa moja katika nchi zote tatu. Atakayemla Jogoo wa Saa atafukuzwa nchini, yeye na kila aliyechovya tonge katika mchuzi wake.

"Naijua," alisema Nyafuru. "Na mwanao analia nyuma ya ghala. Ameona wakwe wamekuja na banda ni tupu. Amua wewe, baba Nyachiro. Maji yangu yamechemka."

Tusimhukumu Bwire haraka. Alikwenda bandani kwa miguu mizito, akamwomba Mungu msamaha kabla, akamwomba jogoo msamaha wakati wa kumchinja, na akamwomba Mungu msamaha tena baada. Kisha akamkabidhi Nyafuru. Na jogoo yule, kwa kuwa alikuwa amekula ulezi uliopepetwa maisha yake yote na hakuwahi kukimbizwa na mbwa, aliiva upesi ajabu.

Wakwe walikula. Mzee Masatu alipewa firigisi kama heshima inavyotaka, akafumba macho akitafuna.

"Mkwe wangu," alisema, "nimekula majogoo wengi. Huyu amelelewa kama mtoto wa mfalme."

Bwire alipaliwa na mchuzi, wakampigapiga mgongoni.

Siku ikatajwa: mwezi mpya wa tatu. Wakwe wakaondoka wakiimba. Bwire alibaki na mifupa, na aliizika mwenyewe chini ya migomba, akasimama kidogo kama watu wanavyosimama makaburini.

Alikusudia kwenda kukiri. Hilo liandikwe kwa upande wake. Lakini alfajiri ya kesho yake, alipoketi mlangoni mwa banda tupu akijitayarisha kushuka kwa mfalme, wazo lilimpiga: nani ataianzisha siku? Nchi nzima ilikuwa imelala inasubiri. Ng'ombe walikuwa wanasubiri. Mungu mwenyewe alikuwa ameshaanza kulichokonoa jua huko mashariki. Na hapo, kutoka ng'ambo ya mto, Bwire alisikia jogoo wa Mlima anawika, sauti nyembamba ya mbali.

Kabla hajafikiri, alifumbua mdomo na kuwika.

Haikuwa sauti nzuri. Ilianza kama jogoo, katikati ikawa mbuzi, ikaishia kwenye kikohozi. Lakini bondeni moshi wa kwanza uliinuka, ukafuata wa pili, na watu wakatoka. Walitoka wakijikwaa, kwa sababu jogoo wa Mlima alikuwa akiwika mapema kuliko wa Ziwa, na kulikuwa bado giza. Mtu mmoja alivaa kanga ya mkewe akaenda nayo mpaka shambani. Lakini walitoka. Sheria ni sheria.

"Jogoo ana mafua," walisema watu. Kufikia saa mbili wanawake watatu walikuwa wamepanda kilima na dawa ya pilipili, tangawizi na majivu.

"Nitampa," alisema Bwire.

"Tunataka tumwone akinywa, Mzee Bwire. Huyu ni wa nchi."

"Ana haya. Hanywi akitazamwa."

Aliingia nayo bandani akafunga mlango. Kesho yake wale wanawake wangerudi kunusa kibuyu cha dawa, na Bwire hakuweza kusema uwongo wa pili juu ya wa kwanza kwa kuimwaga chini. Akainywa yote. Inasemekana machozi yalimtoka mpaka jioni. Sauti nayo ilisafishika, na kesho yake aliwika vizuri kabisa.

Siku zikapita. Kila alfajiri jogoo wa Mlima aliwika, na Bwire akawika nyuma yake. Kila siku alikusudia kwenda kukiri, na kila siku alimfikiria Nyachiro, na Mzee Masatu na wale watano, kila mmoja akiwa na mchuzi wa mfalme tumboni, wakifukuzwa nchini na mizigo kichwani. Basi akakiri mengine. Alikiri mpaka makosa ya utotoni. Alimwendea jirani akamwambia, "Mwaka ule wa nzige nililikanyaga boga lako." Jirani akamwambia, "Mzee Bwire, nenda ukalale." Lile moja tu ndilo halikutoka. Lilikaa kooni kama mwiba wa sato.

Jambo la ajabu ni kwamba nchi ilistawi. Watu wa Ziwa walinung'unika kuamka gizani, lakini soko la mpakani lilijaa. Mtu wa Mlima akisema saa nne, wa Ziwa alikuwa pale saa nne. Maziko yalihudhuriwa na watu wote pamoja. Wezi wa mbuzi walikosa la kusema. Halafu wafanyabiashara wakaleta habari kwamba hata Pwani saa ni ile ile, hawapishani hata kwa kupiga chafya.

Wafalme waliposikia walikasirika, kila mmoja kwa njia yake. Mfalme wa Mlima alituma ujumbe kwamba Ziwa wamemwibia asubuhi. Mfalme wa Ziwa alijibu kwamba asubuhi yake ameikuta chini ya mto wake wa kulalia alipoamka, aje aikague kama ina alama. Mfalme wa Pwani alisema wote wawili wanavaa nguo yake. Maneno yalipanda, mikuki ikaanza kunolewa, na mwisho wazee wakashauri jambo la amani. Wafalme wote watatu wakutane sokoni mpakani, kila mmoja na Jogoo wake wa Saa. Atakayewika kwanza alfajiri, mfalme wake ndiye mwenye saa, na wengine watapiga magoti. Nchi za jirani zikaalikwa kuwa mashahidi, pamoja na ile iliyo ng'ambo ya milima ya machweo.

Tarehe iliwekwa wiki moja kabla ya harusi ya Nyachiro.

"Sasa?" aliuliza Nyafuru.

"Sasa Mungu," alisema Bwire.

"Mungu yupo. Naulizia tengani utaweka nini."

Waliweka boga. Lilikuwa na uzito wa jogoo aliyeshiba. Bwire alilifunika tenga kwa kitambaa chekundu cha kifalme akalibeba kwa heshima zote, na njiani watu walilipisha tenga na kuliinamia. Kila alipoinamiwa, aliona haya kwa niaba ya boga.

Walipofika mpakani kulikuwa na ua wa matete uliojengwa kwa ajili ya majogoo, ili wasishtuke kwa kuona umati. Ulikuwa umeombwa na mtunzaji wa Mlima, mama mmoja mrefu aliyeitwa Kobilo, aliyesema jogoo wake ana haya mbele ya wafalme. Bwire alipoingia alimkuta ameketi, tenga lake limefunikwa mara mbili na kufungwa kwa kamba. Katika kona ya pili alikuwapo mtunzaji wa Pwani, Mzee Mwinchande, mwembamba, mwenye kofia safi, amelikumbatia tenga lake kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

"Wako amelala?" aliuliza Bwire.

"Fofofo," alisema Mwinchande. "Na wako?"

"Wangu huwa hajigeuzi."

"Wangu ndiyo kabisa," alisema Kobilo. "Ni kama jiwe."

Nje ya ua walikuwa wameketi wafalme watatu kwenye viti vyao, nyuma yao umati, na katika umati Mzee Masatu na ndugu zake, waliokuja kumshangilia mkwe wao. Ndani, Bwire alitega sikio kwenye tenga la Kobilo. Jogoo wa Mlima akiwika, naye angejiziba uso kwa kitambaa awike haraka, na gizani nani angejua? Lakini tenga la Kobilo halikutoa sauti. Bwire aliona kwamba Kobilo naye ametega sikio kwenye tenga la Mwinchande. Na Mwinchande alikuwa anatazama njia, upande walikolala wanawake, na anajipapasa ubavu.

Giza likawa kijivu. Kijivu kikawa na wekundu pembeni. Hakuna kilichowika.

"Vipi huko?" aliita mfalme wa Ziwa.

"Karibu, Mtukufu," alijibu Bwire.

Kukapambazuka. Ndege wa porini walianza, lakini hao si wa serikali. Umati ulikaa kimya, hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kupiga miayo. Nchi tatu zilikuwa zimeamka na asubuhi haijaanza. Ng'ombe walisikika mbali wakilia kwa maziwa kuwajaa, watoto wakilia kwa njaa, na hakuna mama aliyethubutu kuwasha moto. Mfalme wa Mlima alisema kwa sauti kwamba huu ni uchawi wa Ziwa. Askari wa Ziwa walisimama. Askari wa Mlima nao wakasimama.

Bwire aliisikia mikuki ikigusana. Akafikiri: kwa ajili ya jogoo mmoja na boga moja, watu watakufa hapa. Akatoka uani na tenga lake, akapiga magoti.

"Mtukufu," alisema, "kwanza nikiri kwamba nilipokuwa nakuja nilikojoa kwenye shamba la mtu."

"Bwire."

"Na kiti chako hicho nilikikalia siku moja, hukuwapo."

"Bwire, jogoo yuko wapi?"

Mzee wa watu alivuta pumzi. "Nilimla. Wakwe walikuja. Jike hakufaa, na jogoo wangu mwenyewe alikuwa amekufa kwa kideri. Tangu siku hiyo ninayewika ni mimi. Hapa ndani mna boga." Akaondoa kitambaa. "Nililipika moyoni mara nyingi njiani, lakini sikulila."

Hakuna aliyecheka. Mfalme alilitazama boga kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba sheria inajulikana, na akamtaka Bwire ataje majina ya wote waliochovya.

Mtu yule aliyekiri ndizi na nzige na boga la jirani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutaka kusema. Ndipo Mzee Masatu aliposimama mwenyewe katika umati, akakung'uta shuka lake.

"Mtukufu, mimi nilikula firigisi. Wenzangu hawa watano walikula kilichobaki. Kwa kweli tuliona utamu umezidi, tukadhani ni mapishi." Akamgeukia Bwire. "Mkwe wangu, ungeniambia ni wa mfalme, ningekula polepole."

"Mtakwenda wote," alisema mfalme. "Na harusi haipo."

Nyuma, Nyachiro alijifunika uso kwa upande wa kanga.

Wakati huo sauti ya ajabu ilitoka nyuma ya matete. Ilikuwa Kobilo anacheka, kicheko cha mtu aliyebeba mzigo miezi mingi na kamba imekatika. Alitoka akiburuta tenga lake, akalifungua mbele ya mfalme wake, na ndani mlikuwa na jiwe la kusagia.

"Nifukuze na mimi," alisema. "Mume wangu alikuwa anakufa, akaomba supu ya jogoo ya mwisho. Nikampa wa saa. Alikunywa, akapona. Mpaka leo yuko hai na ananilaumu kwamba haikuwa na chumvi. Nami nawika mwenyewe tangu masika yaliyopita, nikimsikiliza jogoo wa Pwani."

"Basi wewe ndiye niliyekuwa nakufuata?" alisema Bwire. "Una sauti nzuri, mama."

"Asante. Yako wiki ya kwanza ilinitia hofu."

Watu wote wakamgeukia Mwinchande. Mfalme wa Pwani alikuwa ameshaanza kutabasamu na kunyoosha mguu ili upigiwe magoti. Mwinchande alisimama mlangoni mwa ua, amelikumbatia tenga, na kofia yake ilikuwa imelowa jasho.

"Wetu yumo," alisema. "Ni uchovu wa safari."

Na pengine angeshinda, laiti asingekuja mkewe. Bi Mwanakheri alikuwa mwanamke mfupi, mzee, mwendo wa taratibu. Alikuwa ameamka kungali giza kama desturi yake, akashuka mtoni akatawadha, akaswali alfajiri, akamaliza nyiradi zake, na sasa alikuwa anarudi na kibirika chake mkononi. Alikuta watu maelfu wamekaa kimya na mumewe amesimama kama mti. Hakujua lililotokea. Alimwendea moja kwa moja.

"Mwinchande, mbona huwiki leo? Jua limetoka."

Hapo watu walicheka. Walicheka mpaka askari wakaegemea mikuki yao. Mwinchande alifungua tenga, lilikuwa tupu, na akasema kwa sauti ndogo, "Wangu aliliwa na kicheche. Sikupata hata mchuzi."

"Pole, ndugu yangu," alisema Bwire, na alimaanisha.

Mfalme wa Ziwa hakucheka. Alikuwa anakunja vidole, anahesabu. "Bwire anamfuata Kobilo," alisema. "Kobilo anamfuata Mwinchande. Mwinchande wewe unamfuata nani?"

"Mke wangu, Mtukufu. Akiamka kuswali hunipiga kiwiko. Nikipigwa kiwiko, nawika."

"Na wewe, bibi, unaamshwa na nani?"

"Haniamshi mtu," alisema Bi Mwanakheri. "Naamka kumsalimu Mola wangu. Miaka arobaini sasa."

"Na siku ya mawingu?"

"Mawingu yako kwenu huku, baba. Kwake hakuna."

Wafalme watatu walitazamana. Kwa miezi hii yote nchi zao zilikuwa zimeamka, zimelima, zimezika na zimeuziana kwa kiwiko cha mwanamke huyu, na hakuna aliyekuwa amepungukiwa na kitu. Walikwenda kando wakanong'onezana. Mfalme wa Mlima alisikika akisema hawezi kumpigia magoti jogoo wa Pwani. Akakumbushwa kwamba Pwani hawana jogoo. Mfalme wa Pwani alisema ikiwa hakuna jogoo basi hakuna aliyeshinda. Na mfalme wa Ziwa, baada ya kulitazama boga mara ya mwisho, akasema, "Hakuna aliyeshindwa pia. Kumfuata jogoo wa mwenzangu ni aibu. Kumfuata mja anayekwenda kumsalimu Mungu wake, aibu iko wapi?"

Waliporudi, alimwita Bwire. "Sheria inasema nikufukuze. Nikikufukuza, kesho nani ataniamsha? Na nikiwafukuza waliochovya, wa Mlima atamfukuza yule mgonjwa aliyepona, na kicheche nani atamkamata? Kuanzia leo hakuna Jogoo wa Saa. Saa ni moja, ya wote, na si ya mfalme yeyote. Adhabu yako ni kuwika mpaka ufe. Nenda ukamwoze mwanao."

Bwire alilia, kisha akamwomba mfalme msamaha kwa kulia mbele yake.

"Ila, Mtukufu," alisema Mzee Masatu, ambaye hakujua wakati wa kukaa chini, "saa hiyo ya Pwani inatuamsha gizani. Mimi nimeshamkama dume mara mbili."

"Alitoa nini?"

"Alitoa teke."

"Basi mzoee," alisema mfalme.

Watu walikuwa wanaanza kutawanyika, moto unawashwa, maziwa yanachemka, alipotokea mtu mmoja kwenye njia ya milima ya machweo, anatembea kwa utulivu, na tenga kichwani. Alikuwa Ntibanyiha, mtunzaji wa nchi ya ng'ambo, aliyealikwa kuwa shahidi. Alisalimu kwa adabu akauliza kama majogoo wamekaribia kuwika. Aliambiwa kikao kimekwisha, amechelewa saa nzima.

"Sijachelewa," alisema, akashangaa kweli. "Wangu bado hajawika." Akalifunua tenga lake, na ndani mlikuwa na jogoo. Jogoo mzima, mwekundu, mnene, mwenye upanga wa kichwani uliosimama. Alitazama huku na huku, akanyoosha shingo, akawika.

Ilikuwa miezi tangu watu wale wasikie jogoo halisi. Mwinchande alivua kofia. Mzee Masatu alimeza mate.

Walimweleza Ntibanyiha mambo yote, wakamkaribisha katika saa yao. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwao wakwe wakija hupewa maharage na pombe ya ndizi, wala hakuna aliyewahi kulalamika. Hivyo jogoo wao hana hatari, na haoni sababu ya kumwacha. Akamfunika vizuri, akamtazama Mzee Masatu, akaongeza kitambaa cha pili, akarudi alikotoka.

Harusi ya Nyachiro ilifungwa saa nne, na wageni wa nchi tatu walifika saa nne. Waliochelewa walichelewa kwa uvivu wao wenyewe, jambo ambalo halikuwahi kuwezekana kabla ya hapo. Kuhusu chakula, wakwe walipewa samaki.

Na tangu siku hiyo habari ilienea kutoka nchi hadi nchi. Watu wa jangwani waliisikia wakajiunga, na wa nyanda za juu za kaskazini, na wa visiwani wakaivusha bahari. Ndiyo maana leo ukitoka Mogadishu ukaja Nairobi, ukapita Dodoma, ukafika Kampala, au ukavuka maji mpaka Moroni na Antananarivo, hutaigusa saa yako. Redioni wanasema saa za Afrika Mashariki, na hawasemi ni za mfalme gani. Ndiyo maana pia asubuhi ya Pwani ina jua, na ya Ziwani, kwa saa ile ile, watu wanapapasa ukutani wakitafuta mlango, wananuna, wanavaa nguo za wenzao, lakini wanaamka. Na ukivuka milima kwenda Kigali au Bujumbura, utairudisha saa yako nyuma saa nzima kwa adabu, bila kuwauliza wenyeji kwa nini. Jogoo wao hakuliwa.